Maji, Jiwe na Pembe: Kisu cha Jikoni kutoka Sheffield

Ukikigeuza kisu cha zamani cha Kiingereza na kuutazama ubapa wake karibu na mpini, mara nyingi utaona chapa ya fundi na chini yake neno Sheffield. Sisi wanachama tunaosoma katika mji huu tunapita kila siku kando ya mito iliyozungusha mawe ya kunolea visu hivyo, na bado wengi wetu tunapika kwa visu visivyokata hata nyanya. Tulianza na swali dogo la jikoni: chama kinunue visu gani kwa ajili ya shughuli zake, na vitunzwe vipi? Tukaambiwa usikinoe kikavu, usikiloweke, usiutie mpini wake kwenye maji ya moto. Tulipouliza makatazo hayo yametoka wapi, tukajikuta katika historia ya mji huu, na mahali pamoja katika historia yetu wenyewe.

Sheffield haikuanza na viwanda vikubwa. Hati ya kodi ya mwaka 1297 inamtaja mkazi wa hapa aitwaye Robertus le Coteler, yaani Robert mtengeneza visu. Kiasi cha miaka mia moja baadaye Chaucer, katika mojawapo ya hadithi za The Canterbury Tales, alimpa msagaji wa nafaka kisu cha Sheffield, akichomeke kwenye soksi yake ndefu. Hakuona haja ya kueleza Sheffield ni nini. Bila shaka wasomaji wake walikwisha kuijua. Mwaka 1624 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda Company of Cutlers in Hallamshire, chama cha mafundi visu kilichosajili chapa zao na kusimamia mafunzo ya vijana wa kazi. Chama hicho kingali hai, na jumba lake linatazamana na kanisa kuu la mji.

Kwa nini hapa? Watu hudhani ni kwa sababu ya chuma. Lakini kwa muda mrefu chuma bora cha kutengenezea makali kiliagizwa kutoka Uswidi, kwani cha hapa hakikufaa sana. Kilichokuwapo ni maji na jiwe. Mito mitano, Don, Sheaf, Porter, Rivelin na Loxley, inateremka kutoka vilimani kwa kasi ya kutosha kuzungusha magurudumu ya maji, na vilima vya jirani vina jiwe la mchanga linalofaa kuchongwa cherehe, yaani lile jiwe la mviringo la kunolea. Kwenye mto Porter bado lipo karakana la Shepherd Wheel, na gurudumu lake la maji linazungushwa mpaka leo kwa ajili ya wageni. Tunamshauri kila mwanachama mpya aende akalione kabla hajanunua kisu.

Wasomaji wetu wa pwani wasiuone ufundi wenyewe kuwa mgeni. Al-Idrisi, aliyemaliza kitabu chake cha jiografia mwaka 1154 huko Sicily, aliwataja watu wa Malindi na Mombasa kuwa wachimba chuma na wafanya biashara yake, na akaeleza kwamba chuma cha Sofala kilivushwa bahari hadi Uhindi, ambako mafundi walikifanya panga zenye sifa. Kamusi zetu zina pua na feleji kwa chuma kigumu cha makali, na maneno hayo hayakusubiri meli za Waingereza.

Katika miaka ya 1740 alihamia Handsworth, nje kidogo ya Sheffield, mtengeneza saa mmoja kutoka Doncaster aitwaye Benjamin Huntsman. Alichokuwa akikitafuta ni springi bora za saa. Akafaulu kuyeyusha chuma cha pua ndani ya vyungu vya udongo mgumu, kikatoka kisafi na chenye hali moja kuanzia ncha hadi ncha. Mafundi visu wa hapa wakakikataa, wakisema ni kigumu mno kukifanyia kazi. Huntsman akawauzia Wafaransa. Walipoona visu vya Wafaransa vinakuja kuwashinda sokoni ndipo wakabadili mawazo. Tukio hilo lilirudiwa karibu neno kwa neno miaka 170 baadaye, kama tutakavyoona.

Kisu kimoja kilipita mikono ya watu watatu. Mfuaji alikipa umbo kwa moto na nyundo, mnoaji akakipa makali, na mtu wa tatu akakitia mpini. Wengi wao walikuwa mafundi wadogo waliojitegemea, wakikodi chumba kimoja na jiwe moja, na lahaja ya hapa iliwaita little mesters. Kati ya hao watatu, sifa ya kisu ilitegemea zaidi yule wa kati. Chuma kizuri kilichonolewa vibaya hakikati; chuma cha kawaida kilichonolewa vizuri kinakata mpaka kitakapobutuka.

Mnoaji alikaa kama mtu aliyepanda punda, juu ya kiti cha mbao kilichowekwa nyuma ya jiwe, akainama mbele na kuubana ubapa wa kisu juu ya jiwe linalozunguka. Kwa visu vya meza jiwe lilizunguka ndani ya birika la maji. Kwa nyuma na sindano lilizunguka kikavu. Tofauti hiyo, maji au ukavu, iliamua mtu ataishi miaka mingapi. Friedrich Engels, katika kitabu chake cha mwaka 1845 juu ya wafanyakazi wa Uingereza, alitoa maelezo ya daktari wa Sheffield aliyeitwa Knight: wanoaji wa kikavu kwa wastani hawakufika vizuri miaka 35, na wa majini mara chache walivuka 45. Wanoaji wa nyuma, walioianza kazi wangali watoto wa miaka 14 hivi, walikufa kati ya miaka 28 na 32. Vumbi la jiwe na la chuma liliingia mapafuni na kukaa humo. Mtu akaanza kwa kukohoa, kisha akashindwa kupanda ngazi, kisha akashindwa kulala chali.

Daktari huyo aliona jambo jingine ambalo sisi lilitufanya tucheke kwanza, kisha tukanyamaza. Walioishi miaka mingi zaidi walikuwa walevi, kwa sababu ndio waliokosa kazini mara nyingi zaidi.

Dawa ilikuwapo. Feni ya kuvuta vumbi na kulitoa nje ilijulikana mapema katika karne ya 19, nayo haikuwa ya ghali mno. Baadhi ya wanoaji wenyewe waliipinga, na mahali pengine waliivunja. Hoja yao ilikuwa kwamba kazi ikiwa salama watu wengi wataingia, na ujira utashuka; kifo cha mapema ndicho kilichowalindia mshahara. Ni rahisi kwetu, tukiwa na bima ya afya na madirisha yanayofunguka, kuwaita wajinga. Sisi hatuwaiti hivyo. Walifanya hesabu iliyokuwa sahihi kwa soko lile. Kosa lilikuwa la soko, na la wenye karakana waliojua na hawakugharimia feni mpaka sheria ilipowalazimisha.

Sasa turudi jikoni. Katika miji mingi ya nyumbani, kuanzia Mombasa hadi Dar es Salaam, hupita mnoa visu na baiskeli aliyoifunga cherehe, akakanyaga pedali huku gurudumu limenyanyuliwa, cheche zikiruka. Ni fundi wa maana, na watoto hukusanyika kumtazama. Lakini ananoa kikavu, na hilo lina madhara mawili. La kwanza ni la mapafu yake. La pili ni la kisu: cheche ni dalili ya joto, na makali yakipata joto hadi kugeuka rangi ya bluu basi ugumu wake umetoka. Kisu hicho kitakata siku mbili, siku ya tatu kimelala. Ndiyo maana tunasema kinoo cha mkono na maji kinatosha nyumbani. Jiwe la namba 1000 kwa kazi ya kawaida, na la namba 3000 au zaidi kwa anayependa makali laini. Loanisha jiwe, inua mgongo wa kisu kidogo, nyuzi 15 hadi 20 kutoka kwenye jiwe, kisha sukuma na kuvuta bila kubadili mwinamo mpaka usikie kwa kidole kijiukingo chembamba kimejitokeza upande wa pili. Geuza, rudia. Asiye na jiwe ageuze kikombe cha kauri juu chini: ile duara ya chini isiyo na rangi ya kung'aa inanoa. Bibi zetu walitumia kizingiti cha mlango, na walikuwa wakikimwagia maji.

Ile fimbo ya chuma waliyo nayo wenye bucha ni jambo jingine. Yenyewe hainoi, inanyoosha makali yaliyopinda. Ipitishe mara nne au tano kabla ya kupika na kinoo utakihitaji mara chache tu kwa mwaka.

Tuje kwenye mpini. Visu vya meza vya matajiri wa karne ya 19 vilikuwa na mipini ya pembe za ndovu, na Sheffield ilizitumia kwa wingi. Kampuni ya Joseph Rodgers and Sons ilijulikana kwa ghala lake la pembe, lililopigwa picha zimepangwa kama magogo. Si kila mpini ulipita Unguja, kwani pembe nyingine zilitoka Afrika Magharibi na nyingine zilipitia Misri. Lakini soko kuu la pembe la Afrika Mashariki katika karne hiyo lilikuwa Unguja, na kutoka hapo pembe zilipelekwa Bombay, London na Marekani. Kabla ya Unguja kulikuwa na Bagamoyo, kabla ya Bagamoyo Tabora, kabla ya Tabora Ujiji na nchi ya Manyema ng'ambo ya ziwa. Njia yote hiyo pembe zilibebwa mabegani mwa watu. Wengi walikuwa wapagazi Wanyamwezi waliofanya kazi kwa ujira na walioijua kazi yao. Wengine walikuwa watumwa, kwani biashara ya pembe na ya watu zilitembea msafara mmoja.

Anayetaka kuisikia biashara hiyo kwa Kiswahili asome maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyoyaandika mwenyewe. Ni kitabu cha mfanyabiashara: ndani yake vita, deni na frasila za pembe vinafuatana. Frasila ni kama kilo 16. Wahadhiri wetu hukifundisha kama kazi ya fasihi, na ni sawa. Sisi tungependa kisomwe pia na kisu cha meza cha Sheffield kikiwa mezani, kwa sababu misafara ile ile iliyoleta pembe pwani ndiyo iliyokipeleka Kiswahili mpaka mashariki ya Kongo. Mwenzetu kutoka Kisangani anayezungumza nasi Kiswahili katika mikutano ya chama na mpini mweupe ulioko katika jumba la makumbusho wana njia moja nyuma yao.

Kisu chenyewe kilitengenezwa kwa kutoboa pembe, kuchomeka mkia wa chuma na kuushikiza kwa ulimbo. Maji ya moto yaliuyeyusha ulimbo, kisu kikachomoka, na pembe ikapasuka. Kwa hiyo watumishi walifundishwa kuvisimamisha visu ndani ya jagi, maji yakafika kwenye ubapa tu. Huo ndio usuli wa katazo letu la tatu, na lingali na maana kwa mpini wa mbao au wa mfupa. Mashine ya kuoshea vyombo inaharibu mipini, inagonganisha makali, na chumvi ya sabuni yake inakula hata chuma kisichoshika kutu. Osha kwa mkono, futa, weka.

Kuhusu kutu sasa. Kabla ya mwaka 1914 kila kisu cha jikoni kilishika kutu, na kila kisu kilichogusa limau au siki kiligeuka cheusi na kukipa chakula ladha ya chuma. Ndiyo sababu matajiri walikula samaki kwa visu vya fedha. Visu vya chuma vilisuguliwa kila siku juu ya kibao kwa unga wa matofali au wa msasa, na kazi hiyo ilikuwa ya kijana wa nyumba. Baadaye ikaja mashine ya George Kent wa London: sanduku la mviringo lenye matundu, unachomeka visu na kuzungusha mkono. Hata nayo ilihitaji mtu wa kuizungusha.

Harry Brearley alizaliwa Sheffield mwaka 1871, mwana wa mfanyakazi wa tanuri la chuma, akaingia kazini angali mtoto. Mwaka 1912 alikuwa mkuu wa maabara ya Brown Firth, akaombwa atafute chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika upesi kwa joto. Agosti 1913 aliyeyusha chuma chenye kromi kama asilimia 12.8 na kaboni asilimia 0.24. Alipotaka kukitazama kwa hadubini ilibidi kwanza akipake asidi ya nitriki ili kiungulike kidogo, nacho hakikuungulika. Akakijaribu kwa siki na maji ya limau, kikabaki king'aavu. Hapo hakufikiria tena bunduki, alifikiria visu. Tunaona hii ndiyo akili yake kubwa, zaidi ya kromi yenyewe, kwa sababu wengine walikuwa wakizijua chuma za namna hiyo: Krupp ya Ujerumani ilikuwa na zake mwaka 1912, na Elwood Haynes alikuwa akitafiti Marekani. Mji huu hupenda kumtaja mwanawe peke yake.

Waajiri wake hawakuvutiwa. Mafundi visu waliopewa chuma hicho walirudisha jibu kwamba hakifai, na Brearley akataniwa kuwa ni mvumbuzi wa kisu kisichokata. Ni yale yale ya Huntsman. Hata hivyo mafundi hawakuwa wakisema uongo. Walizoea kukisoma chuma kwa rangi ya moto, na chuma cha kawaida hukolea ugumu kikichovywa kutoka kwenye joto la nyuzi 800 hivi. Hiki kilitaka karibu 1000. Jicho la fundi lilimwambia kimefika, kumbe bado. Mwaka 1914 Ernest Stuart, msimamizi katika karakana la R. F. Mosley, alijaribu mara tatu mpaka akalipata joto lake, akakiweka kisu kwenye siki, na akakitafutia jina la kusema kwamba hakishiki doa. Baada ya Vita Kuu visu hivyo vikaenea katika nyumba za kawaida. Kijana wa kusugua visu akakosa kazi hiyo, na hatujasikia kwamba aliililia.

Katika chama chetu wapo wanaoshikilia kwamba chuma cheusi cha zamani ni bora, kwa sababu kinanoleka upesi na makali yake ni matamu. Ni kweli kabisa. Lakini kisu hicho kinataka mtu wa kukifuta kila baada ya kukata kitunguu, kukikausha na kukipaka mafuta kidogo. Zamani mtu huyo alikuwa mtumishi. Katika jiko la watu 30 siku ya futari hatakuwapo, au atakuwa dada yule yule anayeachiwa vyombo kila mara. Kwa jiko la pamoja tunapendekeza chuma kisichoshika kutu. Chuma cheusi kiwe cha mwenye mapenzi nacho, nyumbani kwake.

Msinunue seti ya visu kumi na mbili ndani ya gogo la mbao. Kisu kimoja kikubwa cha sentimita 20, kimoja kidogo cha kumenyea na kimoja cha meno kwa mikate vinatosha. Tazameni kama chuma kinapita mpaka mwisho wa mpini. Alama ya 18/10 isiwadanganye: ni ya vijiko na mipini, maana chuma chenye kromi 18 na nikeli 10 hakiwezi kukolezwa ugumu kwa moto, kwa hiyo hakifai kwa makali. Visu vya Kijapani ni vigumu na vyembamba, vizuri kwa samaki na mboga, lakini kwa mifupa ya mbuzi na muhogo uliogandishwa vitamomonyoka, na anayevunja nazi kwa kisogo cha kisu achukue kizito cha Kijerumani au atafute panga. Kibao kiwe cha mbao au plastiki. Cha kioo kinaua makali kwa wiki moja. Na kwa wageni wa nchi hii: kutembea na kisu cha jikoni barabarani bila sababu ya maana ni kosa la jinai. Ukikileta kwenye shughuli ya chama kifunge vizuri, kiweke chini kabisa ya mkoba, uende nacho moja kwa moja.

Visu vya zamani vya Sheffield vingali vikiuzwa kwa bei ndogo katika maduka ya vitu vilivyotumika, na ubapa wao mara nyingi ni bora kuliko wa visu vipya vya bei hiyo. Kutu ya juu inatoka kwa msasa laini, mashimo ya kutu hayatoki. Mpini mweupe ukague. Mara nyingi ni seluloidi, iliyotengenezwa kuiga pembe, nayo inashika moto upesi, isikae karibu na jiko. Mistari ya seluloidi imenyooka sambamba. Ya pembe halisi, ukiutazama mwisho wa mpini, inapishana kama ukindu wa mkeka. Ukiikuta hiyo, muulize muuzaji kama anaijua sheria ya pembe ya mwaka 2018, iliyoanza kutumika tarehe 6 Juni 2022 na inayokataza kuziuza isipokuwa kwa misamaha michache. Wengi hawajui walicho nacho.